Barua ya Wazi kwa Magavana wa Pwani: Maarifa Tunayo, Mnunuzi Yuko Wapi?

Kwa Waheshimiwa Magavana wa Kaunti za Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Kwa mawaziri wenu wa fedha na mipango. Na kwa Jumuiya ya Kaunti za Pwani.

Waheshimiwa,

Mimi ni mkufunzi wa umeme na elektroniki katika chuo kimoja cha ufundi cha kaunti, vyuo ambavyo watu mtaani bado wanaviita politekniki. Nimewasikiliza kwenye vikao vya bajeti, kwenye sherehe za Mashujaa na kwenye makongamano ya uwekezaji. Mnazungumzia uvumbuzi, uchumi wa maarifa, uchumi samawati, vijana na teknolojia. Naamini mnayataka mambo hayo kwa dhati. Ninachotaka kuwaeleza ni kwamba Pwani haina upungufu wa maarifa wala wa wavumbuzi. Inachokosa ni mteja, na mteja wa kwanza anayetakiwa ni nyinyi.

Mwaka 2009 nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, ziliingia nchi kavu Mombasa. Kabla ya hapo Kenya nzima ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya kutoka nje, kwa bei ya kukatisha tamaa. Baadaye zikafuata EASSy, LION2 na nyinginezo. Leo sehemu kubwa ya intaneti inayotumiwa Nairobi na hata Kampala hupita kwanza katika ardhi yetu. Wengi wetu tulidhani kwamba mlango ukiwa kwetu, kazi nazo zitabaki kwetu. Hazikubaki. Kampuni zilifunguliwa Nairobi, na vijana wetu waliojua kuandika programu wakazifuata huko.

Wapo wanaosema Nairobi ilitushinda kwa miundombinu. Hebu tazameni tarehe. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, miaka miwili kabla ya waya wa kwanza kutua, na ilifanya kazi kwenye simu za kawaida kabisa, zile za kubonyeza. Kilichoibeba ni mamilioni ya watu waliokuwa mjini wakitaka kuwatumia jamaa zao pesa nyumbani, pamoja na kampuni kubwa iliyokubali kugharimia jaribio lisilo na hakika ya kufaulu. Yaani shida ilikuwepo, na mlipaji alikuwepo. Waya ulipokuja ulikuta watu tayari wamezoea kulipia huduma zilizoanzia hapa hapa.

Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninapokutana na neno uvumbuzi kwenye mpango wa kaunti, ukurasa wa pili nakuta jengo. Kituo cha ubunifu, bustani ya teknolojia, jumba la vijana lenye kompyuta. Konza, mji wa teknolojia wa serikali kuu, ulizinduliwa Januari 2013 juu ya ekari 5,000, na ujenzi wake ungali unaendelea. Serikali kuu ina uwezo wa kusubiri kiasi hicho. Kaunti haina. Na jengo likishakatwa utepe, huhitaji umeme, mlinzi, mtu wa kutengeneza kompyuta na, zaidi ya yote, kazi ya kufanyika ndani yake. Bila kazi, milango itafungwa kabla rangi haijachakaa.

Sasa tutazame kilichopo tayari, kwa maana orodha yake ni ndefu kuliko wengi wanavyofikiri. Kilifi mjini, kando ya hospitali ya kaunti, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichoanza mwaka 1989. Tangu 2000 kimekuwa kikifuatilia kuzaliwa, kufariki na kuhama kwa watu zaidi ya robo milioni wanaoishi kuzunguka hospitali hiyo. Chanjo mbili za malaria zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, zote zilipitia majaribio Kilifi. Watoto waliokinga mkono wachomwe sindano, na mama zao waliotia saini karatasi za kukubali, ni wa vijiji vyenu, Waheshimiwa. Mombasa kuna Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, iliyoanzishwa 1979. Mtwapa na Matuga kuna vituo vya KALRO vinavyoshughulikia minazi, mikorosho, miembe na mihogo. Chuo Kikuu cha Pwani na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa vilipata hati zao 2013, na Taita Taveta kikafuata 2016.

Taasisi hizi zote ni za serikali kuu au zinategemea wafadhili wa nje, na hapo ndipo kaunti nyingi hukomea: si zetu, hazituhusu. Lakini hakuna sheria inayoizuia kaunti kumwendea mtafiti wa Mtwapa na kumwambia, tuna tatizo hili, tunalipa kiasi hiki, tunataka jibu kabla ya mvua za masika. Swali la kaunti, pesa ya kaunti, jibu la kaunti. Mpaka hilo lifanyike, mtafiti atafuata maswali ya anayemlipa, na maswali hayo mara nyingi huandikwa mbali sana na Ganze au Garsen.

Natamani twende pamoja Gazi, kule Kwale, maana nikitafuta mfano wa uchumi wa maarifa uliosimama wenyewe Pwani, sijaona unaoushinda. Mikoko ya Gazi ilikatwa ovyo miaka ya 1970 ikawa kuni za viwandani na boriti. Mapema miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, akiwemo Dkt. James Kairo ambaye ameendelea na kazi hiyo hadi leo, walianza kujaribu kupanda upya. Kupanda mikoko si kuchomeka mche kwenye tope tu. Mlilana unasimama mbele, unapopigwa na maji. Mkoko unapenda tope la ndani kidogo. Mkandaa na mchu unaikuta huko nyuma, ambako maji ya bahari hufika mara chache na chumvi hubaki juu. Wanakijiji walikuwa wakiyajua hayo kwa jina na kwa mahali kabla mtafiti hajafika. Mtafiti alileta kipimo.

Kipimo chenyewe ukikiona utashangaa jinsi kilivyo rahisi. Vijieneo vimewekewa alama msituni. Watu huingia wakati wa maji kupwa, huzungushia kila mti utepe kwenye usawa wa kifua cha mtu mzima, husoma unene, mwingine huandika. Mwaka unaofuata hurudi kwenye miti ile ile. Kutokana na unene huo na aina ya mti hupatikana uzito wa mbao na mizizi, na kutokana na uzito hupatikana kiasi cha kaboni ambacho msitu umekiondoa hewani. Kwenye hekta 117 tu, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza takribani tani 3,000 za dioksidi ya kaboni kwa mwaka tangu ulipoanza 2013. Pesa hizo zimeingia kwenye maji ya bomba, madarasa na vitabu vya watoto wa Gazi na Makongeni. Mwaka 2017 mradi ukashinda Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vikaanzisha wa kwao, kwenye msitu mkubwa zaidi.

Mambo matatu yalikutana Gazi: watu wanaokijua kitu, mtafiti aliyekaa miaka mingi bila kuondoka, na mnunuzi. Mnunuzi hakuwa kaunti. Mauzo ya kaboni ile hupitia shirika la hisani lililosajiliwa Uskoti. Sina kinyongo nalo, limefanya kazi ya heshima. Lakini sasa sheria imebadilika. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yameamuru miradi ya kaboni ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka, na yamewapa nyinyi, serikali za kaunti, jukumu la kusimamia makubaliano kati ya wenye miradi na jamii. Wafanyabiashara wa kaboni wanakuja Tana River, Lamu na Taita Taveta wakiwa na mawakili na mahesabu. Upande wa kaunti nani atakayezisoma hesabu hizo? Nani atakayeingia msituni kuhakikisha kwamba tani zilizoandikwa ndizo zilizopo? Kazi ile ya utepe na daftari ningeweza kuifundisha politekniki kwa muhula mmoja, nikishirikiana na KMFRI. Vijana wangepata ajira ya kupima, na kaunti ingeingia kwenye meza ya mazungumzo ikiwa na namba zake. Hapo ndipo uvumbuzi ulipo, na hauhitaji hata tofali moja.

Niwaeleze lililowapata vijana wawili waliopita mikononi mwangu. Walitengeneza kifaa cha kuangalia joto la friji za chanjo. Chanjo nyingi za zahanati hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Umeme ukikatika usiku, au mlango ukiachwa wazi, muuguzi huja kujua asubuhi, na hana njia ya kujua joto lilipanda hadi wapi. Kifaa chao kilikuwa kisanduku kidogo, kihisi ndani ya friji, betri ya akiba, na laini ya simu. Joto likivuka nyuzi 8, muuguzi na msimamizi wa wadi hupata ujumbe. Walikitengeneza kwa vipuri vya kununua Mombasa, na nilikiona kikifanya kazi usiku umeme ulipozimika mtaa mzima.

Kaunti moja ilivutiwa. Ikawaomba wavifunge kwenye zahanati kadhaa kwa majaribio, na walivifunga kwa pesa zao. Wauguzi walivipenda. Ukaja wakati wa kununua. Tenda ilipotangazwa ilidai hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, ushahidi wa kazi kama hiyo iliyowahi kufanywa kwa serikali nyingine, na dhamana ya benki. Vijana walikuwa na kampuni changa na kifaa ambacho hakuna serikali nyingine iliyowahi kukinunua, kwa sababu ndio kwanza kilikuwa kimebuniwa. Hawakuweza hata kuomba. Ankara ya kazi ya majaribio nayo haikulipwa. Mmoja sasa anatengeneza simu dukani, mwingine yuko Ghuba anafunga viyoyozi. Visanduku vilibaki ukutani mpaka salio la laini za simu likaisha.

Hakuna aliyekula rushwa katika kisa hiki, ninavyojua mimi. Ofisa wa ununuzi alifuata fomu aliyoizoea. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi, si yeye. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 ina njia nyingine zaidi ya tenda ya kawaida. Inaruhusu mashindano ya usanifu. Inaruhusu tenda ya hatua mbili, ambapo kaunti hueleza shida kwanza, husikiliza mapendekezo, kisha ndiyo huandika inachotaka kununua. Sheria hiyo na kanuni zake zimetenga pia asilimia 30 ya ununuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Milango hiyo ipo. Lakini fungu la vijana limegeuka kuwa la kuuza sabuni za kuoshea ofisi, karatasi, na chakula cha semina. Kijana anayejua kuunda kifaa anafundishwa na serikali yake kwamba faida iko kwenye kununua katoni za maji na kuziuza tena.

Na hata huyo wa katoni halipwi. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zimeonyesha madeni ya kaunti zote 47 kwa wauzaji na wakandarasi yakivuka shilingi bilioni 150. Mkandarasi mkubwa anaweza kukaa miaka miwili akidai, kwa sababu ana mashamba ya kuweka rehani na marafiki ofisini. Kampuni ya watu watatu inakufa baada ya miezi minne. Kama kuna jambo moja tu mtakalolifanya baada ya kuisoma barua hii, basi liwe hili: ankara ya kampuni ndogo ya ndani ilipwe ndani ya siku 30 baada ya kazi kukaguliwa, na orodha ya waliolipwa na wanaodai ibandikwe hadharani kila mwezi, na tarehe zake. Mikopo ya vijana, mafunzo ya ujasiriamali na mashindano ya siku mbili hotelini, vyote hivyo nitavibadilisha kwa ahadi hiyo moja inayotekelezwa.

Ng'ambo ya bahari hii yetu kuna jimbo la Kerala, kusini mwa India. Wahenga wetu walilifahamu vizuri. Majahazi yalikwenda na kurudi Kalikuti kwa pepo za kusi na kaskazi. Ni pwani yenye minazi, uvuvi, viungo na watu wanaokwenda Ghuba kutafuta riziki, kwa hiyo tukilitazama tunajiona. Serikali ya jimbo hilo, si serikali kuu ya Delhi, ndiyo iliyoanzisha Technopark mjini Thiruvananthapuram mwaka 1990, ya kwanza ya aina yake India. Kitu kinachonivutia zaidi si hiyo. Mwaka 2002, katika wilaya ya Malappuram, walianzisha mpango ulioitwa Akshaya, uliokusudia kila nyumba iwe na angalau mtu mmoja anayejua kutumia kompyuta. Vituo viliendeshwa na wajasiriamali wa mtaa huo huo, na serikali ikawapa kazi: kulipia bili, kujaza fomu, kutoa vyeti. Kituo kiliishi kwa sababu serikali ilikuwa mteja wake wa kila siku.

Tena kuna kumbi la nazi. Huku kwetu, pita shamba lolote Rabai au Msambweni baada ya kufua nazi, utakuta lundo la makumbi linaloza au linalochomwa kufukuza mbu. Kerala kumbi limejengewa taasisi nzima ya utafiti, karibu na mji wa Alappuzha, chini ya bodi ya usumba iliyoundwa kwa sheria ya 1953. Nyuzi huwa kamba, mazulia na wavu wa kushikilia udongo kwenye miteremko ya barabara. Unga unaobaki hushinikizwa ukawa matofali ya kuoteshea miche, na huuzwa kwa wakulima wa vibanda vya kioo duniani kote. Maarifa haya si mageni kwetu. Wanawake wa visiwani hufukia makumbi kwenye tope la pwani, huyaacha miezi kadhaa, huyafukua na kuyaponda kwa gongo hadi nyuzi zitoke safi, kisha husokota kamba. Kinachohitajika ni mashine ya kuponda iliyo salama na rahisi kutengeneza, namna ya kutoa chumvi kwenye unga ili usiunguze mche, na mtu wa kwanza wa kununua wavu ule. Kaunti zina barabara zinazomong'onyoka kila masika na vitalu vya miche vya wizara zenu za kilimo. Andikeni kwenye tenda ya barabara moja, iwe ya majaribio, kwamba kingo zishikiliwe kwa wavu wa usumba wa Pwani. Karakana zitajitokeza zenyewe.

Kuhusu politekniki nina mengi, na mtaniwia radhi nikirefusha. Jedwali la Nne la Katiba limeziweka mikononi mwenu pamoja na shule za chekechea, kilimo, uvuvi, zahanati, masoko na ushirika. Vyuo vikuu si vyenu. Sisi ni wenu. Bado katika vyuo vingi fundi anafunzwa kwa mtaala na vifaa vya zamani, tena akiwa na wenzake wanane kwenye mashine moja. Wakati huo huo Pwani imejaa watu wenye ujuzi mzito ambao hakuna anayewaita darasani. Uchimbaji wa titani Kwale uliokuwa umeanza 2013 ulikoma Desemba 2024. Madini yalikwisha, lakini mafundi umeme, wachomeleaji, wapima maabara na madereva wa mitambo waliofunzwa pale walibaki na ujuzi wao. Kaunti ilipaswa kuwa na orodha yao siku ile mgodi unafungwa, na kuwaita angalau wachache wawe wakufunzi. Mchanga hauwezi kurudi, lakini fundi bado anaweza kupatikana kabla hajahama.

Lamu iko hivyo hivyo. Mwaka 2018 mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, jahazi la urefu wa mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa fukweni na mitaani, na mapema mwaka uliofuata likasafiri mpaka Unguja. Wale ni mafundi waliorithi kazi kwa baba na babu. Walipopewa malighafi mpya isiyojikunja kama mti wala kushika msumari kama mti, walikaa nayo, wakaijaribu, wakaivunja, wakajua jinsi ya kuitumia. Ukitaka kuona utafiti, ule ni utafiti. Fundi kama huyo akiomba kazi ya ukufunzi kwenye chuo cha kaunti, ataulizwa cheti. Bodi zenu za utumishi zina uwezo wa kuandika masharti tofauti ya kazi kwa mafundi wabobezi. Yaandikeni.

Kuna jambo jingine ambalo halina gharama kubwa na watu hulipuuza. Jedwali hilo hilo la Nne limewapa takwimu na maktaba. Kaunti inajua ni zahanati zipi zilikosa dawa wiki iliyopita, visima vipi vimekauka, samaki kilo ngapi zilitua kwenye kila bandari ndogo, bei ya embe sokoni ilikuwa ngapi. Habari hizi zimo kwenye madaftari na kwenye kompyuta za ofisi, na kijana anayetaka kubuni kitu hana njia ya kuzipata. Zikitolewa kila mwezi, bila majina ya wagonjwa wala siri za mtu, mbunifu wa Voi ataona tatizo ambalo ofisa wa Voi hana nafasi ya kulitafakari. Na matokeo ya tafiti zinazofanywa Kilifi, Mtwapa na Mombasa yaletwe maktaba za kaunti yakiwa kwa Kiswahili, kurasa mbili mbili, yaeleweke kwa mvuvi na kwa mwakilishi wadi. Kaunti inaweza kuliweka hilo kuwa sharti kila mtafiti anapokuja kuomba ushirikiano wa vijiji vyake. Watu waliotoa damu yao wana haki ya kusoma kilichoonekana ndani yake.

Mtasema pesa hazitoshi. Ni kweli mgao huchelewa, na ni kweli serikali kuu nayo haijatimiza ahadi yake: Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 ilitaja asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti, na kiwango hicho hakijafikiwa. Endeleeni kulidai hilo. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inawataka mtenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Naomba asilimia 1 tu ya fungu hilo la maendeleo, kila kaunti, iwe ya kununua suluhisho ambalo bado haliuzwi dukani, kutoka kwa mafundi, vikundi na kampuni changa za kaunti sita. Majaribio mengine yatafeli. Semeni mapema kwamba yatafeli, wakaguzi wa hesabu waelezwe, na kila jaribio liandikiwe ripoti fupi ya kilichojifunzwa, ili Kilifi isilipie kosa ambalo Kwale imekwisha kulilipia.

Hapo ndipo Jumuiya ya Kaunti za Pwani inapofaa kuonekana. Friji ya chanjo ya Lamu haina tofauti na ya Taveta. Kifaa kilichokubaliwa na kaunti moja kikubaliwe na zote sita bila kuanza upya, na kampuni changa itakuwa na soko la zahanati mamia badala ya kumi. Akina mama wa Kibuyuni wanaolima mwani na kutengeneza sabuni hukwama kwenye alama ya ubora ya KEBS, kwa sababu vipimo na fomu vinawazidi kimo. Kaunti sita zikilipia pamoja maabara moja ya vipimo, kwenye chuo kikuu ambacho tayari kina jengo na wataalamu, na zikaajiri watu wawili wa kuwasaidia wazalishaji wadogo na makaratasi, bidhaa nyingi za Pwani zingefika kwenye rafu za maduka makubwa. Taita Taveta ingeitumia kwa vito vyake, ambavyo vingi vinauzwa ghafi na kwenda kukatwa nje. Kaunti peke yake haitaiweza. Sita zinaiweza.

Ifikapo Septemba 1 kila mwaka, sheria inawataka muwe mmewasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti. Mpango wa miaka mitano mnaoutekeleza sasa unakwisha 2027, pamoja na muhula wenu, na atakayekuja ataandika mwingine. Bado mna nafasi ya kuacha kitu kilichoanza kufanya kazi. Sisi wakufunzi, pamoja na wanafunzi wetu, tutausoma mpango huo wa Septemba. Tutatafuta fungu la kununua kutoka kwa wabunifu wa Pwani, kiasi chake kwa shilingi, na cheo cha ofisa atakayewajibika kulipa ndani ya siku 30. Usipokuwemo mstari huo, tutakuja kwenye vikao vya maoni ya umma, wadi kwa wadi, kuuomba uwekwe, na vijana watakuja na vifaa vyao mkononi muwaone.

Wenu katika ujenzi wa kaunti,

Mkufunzi wa umeme na elektroniki,
chuo cha ufundi cha kaunti, Pwani